Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu na wazazi wetu shikamooni, wanafunzi wenzangu mambo vipi.

Mgeni rasmi, tuliposikia unatoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali tulifurahi mno, maana mwaka huu wote tumekesha na kitu kimoja tu, vile vipimo vya rangi vya madawa ya kulevya. Mtaani kwetu unga tunaujua, kaka zetu wengine tunawakuta stendi wamesinzia huku wamesimama, kwa hiyo hii kwetu siyo mada ya mtihani tu.

Tumejifunza kwamba kitendanishi cha Marquis, yaani kemikali ya kupimia, ambacho kipo tangu 1896, ni fomalini na asidi kali ya salfuriki basi, ukidondoshea heroini inageuka zambarau, amfetamini inakuwa rangi ya chungwa kwenda kahawia, na kokeini ina kipimo chake cha kobalti kinachotoa bluu. Dakika haiishi jibu unalo, umeme hauhitajiki.

Sasa madawa hatuna na hatutaki kuwa nayo, tukatumia aidini, ile inayopima wanga. Tone moja kwenye tonge la kiporo cha ugali, likawa bluu nyeusi, watu makofi. Halafu dogo mmoja wa Form Two akaweka kidonge cha parasetamo, nacho kikawa bluu nyeusi vilevile! Darasa zima kimya. Kumbe humo ndani kuna wanga wa kukishikisha. Hapo ndo tukaelewa kwa nini lidokeini, ile sindano ya ganzi ya meno, inaweza kutoa bluu kama kokeini, na kwa nini mtu asifungwe kwa ajili ya rangi peke yake, lazima sampuli ifike maabara kwenye mashine zinazotenganisha kemikali moja moja mpaka ijulikane ni ipi. Hilo limetuingia sana.

Changamoto zetu, aidini tunachangishana tunanunua duka la dawa, na miwani ya kujikinga ipo miwili, sisi tuko 30. Tunaomba miwani, vitendanishi vya kawaida vya shule, na siku moja utupokee maabara kwenu tuzione hizo mashine kwa macho.

Meza yetu iko pale chini ya mwembe mgeni rasmi, aidini imebaki kidogo, tone la kwanza tumekuachia wewe.

Asante.