Barua kwa binti yangu: Amri ya Nane

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku mlimani hatujambo. Masika yameanza kwa nguvu, njia ya kutoka kanisani kuja nyumbani ni matope matupu, na juzi niliiacha pikipiki kwa mzee mmoja wa kanisa nikapanda kwa miguu. Mama yako anakusalimu sana. Goti linamsumbua lakini bado anashuka mwenyewe kukata majani ya ng'ombe. Nimemkataza, hasikii.

Tangu tulipoongea kwenye simu Jumatano ile sijatulia. Uliniambia kuwa ukitoka zamu ya usiku unakuta watoto wameshaondoka kwenda shule, na wakirudi wewe unajiandaa kurudi wodini, kwa hiyo ibada ya familia hapo kwenu Dodoma imekufa. Kisha ukasema, "Baba, nilikuwa naona aibu kukuambia." Hilo la ibada nitalijibu hapa hapa chini, wala si kubwa. Lililoninyima usingizi ni hiyo aibu. Mwanangu wa kumzaa, mama wa watoto wawili, muuguzi anayekesha na wagonjwa wa watu, anaona aibu kumwambia baba yake kwamba amechoka! Nimejiuliza aibu hiyo aliipanda nani, na sikwenda mbali kutafuta. Niliipanda mimi, ukiwa na miaka 14, katika ofisi yangu ya usharika, mbele ya wazee wanne wa kanisa.

Najua unakumbuka. Miaka 19 imepita na hatujawahi kulitaja.

Ilikuwa Jumamosi ya mtihani wa kipaimara, ule wa kuwapokea vijana kwenye Chakula cha Bwana. Mlikuwa mnaingia mmoja mmoja, mwinjilisti anauliza, mimi naandika. Ulijibu Sala ya Bwana bila kusita. Imani ya Mitume ukaimaliza. Ukafika Amri ya Nane, "Usimshuhudie jirani yako uongo." Mwinjilisti akauliza kama inavyouliza Katekisimo, kile kijitabu chetu cha maswali na majibu ya imani, maana yake ni nini? Ukanyamaza. Ulikuwa umeshika daftari lako, na kidole gumba kikawa kinabonyeza kona ya jalada, kinaikunja, kinaikunjua. Mwinjilisti, Mungu ambariki, akakuanzishia, "Imetupasa kumcha Mungu na kumpenda..." Hata hapo hukuendelea, na maneno hayo ndiyo yanayoanza maelezo ya karibu kila amri. Nikakuuliza mimi, kwa sauti ambayo nikiikumbuka leo natamani ingekuwa ya mtu mwingine, "Wiki nzima ulikuwa unafanya nini?"

Ukasema, "Hakuna, Baba."

Mzee mmoja akakohoa. Kikohozi kile kilinitosha. Nilisikia ndani yake maneno ambayo pengine hayakuwamo kabisa: huyu ni mtoto wa mchungaji, tuone atafanya nini. Nikaandika kwamba urudie mwaka. Kesho yake majina yakasomwa kwenye matangazo, lako halikuwamo, na wewe ulikuwa umekaa na wanakwaya benchi la pili ukitazama magoti yako.

Wiki ile nzima mimi nilikuwa mjini Moshi kwenye semina ya wachungaji. Mama yako alikuwa msibani kwao. Wewe ulibaki na Bibi, naye alikuwa hoi kwa kifua. Nilimwacha nikidhani ni mafua ya kawaida. Ukitoka shule ulikuwa unamnywesha uji kwa kijiko, usiku unamgeuza, unambadilishia shuka, unafua alfajiri kabla jirani hajaamka. Haya nilikuja kuyasikia kwake mwenyewe, wiki tatu baadaye, nilipompelekea Chakula cha Bwana kitandani. Akaniambia kwamba alikuwa hawezi hata kunyanyuka kwenda msalani, na kwamba alikuapisha usimwambie mtu yeyote, hasa mimi, kwa sababu mama hapendi mwanawe wa kiume ajue mambo hayo. "Mtoto yule amenisitiri," akasema. Ndipo akaniuliza umefaulu vipi kipaimara.

Mwanangu, sikumjibu. Nilifunga kikombe na sahani kwenye kitambaa chake nikatoka nje, nikasimama kwenye migomba.

Unajua Katekisimo inasema nini kuhusu Amri ya Nane. Sasa unaijua kuliko mimi, kwa maana ulilazimika kuijifunza mara mbili. Tusimdanganye jirani yetu, tusimsaliti, tusimsengenye wala kumharibia jina, bali tumtetee, tumseme vizuri, na kila jambo lake tulichukulie kwa wema. Ulikuwa umetoka kuitimiza amri ile siku sita mfululizo, usiku na mchana. Aliyeivunja ni mimi niliyekuwa nimeshika kalamu. Nilikuona umenyamaza, nikachagua maana iliyo mbaya kuliko zote, kwamba ulikuwa mvivu na ulikuwa unacheza.

Ningeweza kurekebisha. Jumapili iliyofuata ningesimama pale pale kwenye matangazo nikasema mchungaji amekosea, na usharika ungenielewa. Watu wa huku wanamheshimu mtu anayekiri. Sikufanya hivyo. Nilikuwa naogopa yaliyompata kuhani Eli katika Biblia. Sisi wachungaji tunaisoma habari ya Eli na wanawe Hofni na Finehasi kama mtu anayesoma barua ya mahakama yenye jina lake. Bwana anamwuliza kwa nini anawaheshimu wanawe kuliko yeye, na mwisho wake ni kifo chao wote siku moja. Tena Paulo anamwandikia Timotheo kwamba mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake mwenyewe atalitunzaje Kanisa la Mungu. Maneno hayo nilisomewa siku ya kubarikiwa kwangu kuwa mchungaji, na tangu siku hiyo niliwaangalia ninyi watoto wangu kama ushahidi wa kunitetea mimi. Mkikaa vizuri, mimi ni mchungaji mwema. Mkikosea, nimeshitakiwa. Hayo si malezi, mwanangu, ni kuwabebesha watoto hofu ya baba yao. Paulo huyo huyo aliwaandikia Waefeso, "Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu," na mstari ule nimewahubiria akina baba wengine kwa miaka mingi.

Kisha lipo gauni. Fundi alikuwa ameshalimaliza, jeupe, la mikono mirefu, limening'inia nyuma ya mlango wa chumba chenu. Lilining'inia mwaka mzima. Kila nikipita kuita watu kwenye chakula nililiona. Mwaka uliofuata ulikuwa umerefuka, gauni limepanda juu ya magoti, na hatukuwa na fedha ya jingine kwa kuwa kahawa ilikuwa imeanguka bei. Mama yako akaongeza pindo la lesi aliyoitoa kwenye kitambaa cha meza. Weupe wa lesi na weupe wa gauni haukufanana. Ulipopiga magoti madhabahuni nikakuwekea mikono kichwani, macho yangu yalikuwa kwenye lesi ile, na mkono ukatetemeka. Watu wakadhani ni furaha ya baba. Wengine walinipongeza.

Hili jingine nakwambia kwa sababu linahusu swali lako la ibada. Katekisimo ile hatukuielewa, sisi tulioifanya kuwa mtihani. Martin Luther, ambaye kanisa letu linaitwa kwa jina lake, aliiandika mwaka 1529 baada ya kuzitembelea sharika za Saksonia kule Ujerumani na kukuta watu hawajui hata Amri Kumi, na juu ya kila sehemu akaandika kwamba hivi ndivyo baba mwenye nyumba anavyopaswa kuwafundisha kwa urahisi watu wa nyumbani mwake. Ilikusudiwa mtoto aulize maana yake ni nini na mzazi ajibu, wakiwa nyumbani. Luther mwenyewe alikuwa baba wakati huo, Hans wake alikuwa bado mdogo sana. Mwaka 1530, wakati wenzake wanakabidhi Ungamo la Imani kule Augsburg mbele ya Kaisari na yeye amekaa kwenye ngome ya Coburg akingoja habari kwa wasiwasi, alikaa chini akamwandikia mtoto huyo wa miaka minne barua ya bustani nzuri, yenye matofaa na farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu, ambako watoto wanaopenda kusali wanacheza. Kesi ya kanisa zima ilikuwa mezani, na bado mtoto alipata barua yake. Mimi nilikuwa kwenye semina ya siku sita tu na sikupiga simu nyumbani hata mara moja.

Basi, ibada. Katika Katekisimo hiyo hiyo kuna maelekezo ya sala ya jioni, nami nimeyapita miaka yote kama mtu anayepita kibao cha barabarani. Jiwekee alama ya msalaba, sema Imani na Baba Yetu, ukipenda ongeza sala fupi, kisha ulale mara moja kwa furaha. Ndivyo ilivyoandikwa, ulale. Hakuna mahubiri, hakuna nyimbo tatu. Wewe ukirudi asubuhi, viatu vya kazini bado mguuni, ukisema Baba Yetu ukiwa umekaa pembeni ya kitanda ambacho watoto wametoka kuamka, ibada ya nyumba yako imefanyika. Watoto wasipokuwepo itawafikia. Siku ya mapumziko yako mshike mkono mmoja mmoja wakati wa kula, na mume wako aanzishe yeye, hata kwa maneno mawili. Asiogope kwamba hajui kuomba kama mkwe wake mchungaji. Mkwe wake mchungaji aliomba kwa maneno mengi mno, na mara nyingi uji ulipoa na ninyi mkiwa mmefumba macho kwa njaa.

Ukitaka kujua ulipata wapi imani yako, sidhani ni kwenye zile ibada zangu za saa mbili usiku. Nimekaa nikafikiri sana. Nadhani ni jikoni. Mama yako alikuwa na desturi ya kusali akimenya ndizi za mtori, kwa sauti ya chini, anawataja watu kwa majina, ndizi moja mtu mmoja, na wewe ulikuwa unaokota maganda. Nilipita pale mara nyingi nikitafuta funguo zangu. Kumbukumbu la Torati inasema maneno haya uwafundishe watoto wako, "na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Mimi nilikuwa hodari wa hilo la mwisho, la kuondoka.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Unaujua uzio wa masale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba, ule mliokuwa mnajificha nyuma yake. Wazee wetu wa Kichaga, mtu akimkosea mwenzake, alichuma jani la sale, akalishika mkononi akaenda nalo kwake. Aliyeletewa sale hakutakiwa kukataa kusamehe, hata kama kosa lilikuwa la damu. Wapo watumishi wenzangu wanaosema hayo ni mambo ya mizimu, yaachwe. Mimi sikubaliani nao. Hata katika wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, waliofika huku Kilimanjaro mwaka 1893, alikuwepo Bruno Gutmann wa Old Moshi aliyetumia maisha yake kusema kwamba ukoo na ujirani wa Wachaga ni zawadi ya Mungu, injili ijengwe juu yake badala ya kuubomoa. Jani halisamehi dhambi, najua. Lakini mtu mzima akitembea njiani na jani mkononi, kila anayepishana naye anajua kwamba huyu amekosa na anakwenda kuomba radhi. Hilo ndilo nililoshindwa kulifanya kwenye matangazo.

Nisamehe, mwanangu. Nisamehe kwa ile Jumamosi, na kwa zile wiki tatu, na zaidi kwa miaka 19 niliyojua na kunyamaza. Mila inasema aliyeletewa sale asikatae, lakini mimi sikubani kwa mila. Chukua muda wako. Ukiwa na hasira niambie, nitaisikiliza bila kukunukulia andiko.

Jumapili ijayo nina darasa la kipaimara, na nimeomba ruhusa kwa wazee niwasimulie wanafunzi habari hii. Sitataja jina lako wala la Bibi. Ukiona isisemwe, nipigie kabla ya Jumamosi jioni nami nitaiacha. Mzee yule aliyekohoa bado yuko hai, anakuja kanisani na fimbo. Nilimwendea jana kumweleza. Hakumbuki kabisa kama alikohoa.

Boksi nalipeleka stendi leo saa kumi na moja alfajiri, litaondoka na basi la kwanza na barua hii imo ndani. Chini kuna ndizi za mtori, mama yako amezichagua mwenyewe, msizikawize zitaiva. Katikati kuna kahawa ya mkwe wangu na daftari mbili za wajukuu. Gauni lipo kwenye mfuko wa nailoni, mama yako alikuwa amelitunza sandukuni siku zote hizi, mimi sikujua. Jani la sale nimelilaza juu ya vyote, limefungwa kwenye gazeti lenye maji kidogo ili lifike likiwa bichi.

Ni mimi baba yako.