Kwa nini kona ya Land Cruiser haitozwi kwa bei ya bati

Kila msimu magari ya utalii yanapoingia gereji kwa matengenezo kabla ya wageni, swali ni lile lile. Mteja anashika bili, anatazama kona ya nyuma ya Land Cruiser yake iliyokatwa kutu na kuchomelewa bati jipya, anasema: "Fundi, bati zima la futi 8 kwa 4 naliona dukani, na hapa mmetumia kipande tu. Mbona mmenipiga hivi?" Wapo wanaoondoka wakiamini wameibiwa. Tunaeleza hapa hiyo pesa imekwenda wapi.

Bati lenyewe kweli si ghali. Ngozi ya nje tunatumia bati laini lisilo na zinki la geji 20, unene wa milimita 0.9 hivi. Vizingiti vya chini ya milango na mabano ya ndani ni geji 18, milimita 1.2. Wapo wanaokuja na mabaki ya bati la paa wakitaka tuyatumie. Hapana. Ni membamba mno, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomlaza fundi na homa, huku weldi yenyewe ikijaa matundu.

Kazi inaanza kwenye kukata. Kutu ya Land Cruiser 70 huanzia ndani: vumbi la njia ya Serengeti linajaa kwenye uvungu wa kona na kizingiti, mvua inaligeuza tope, matundu ya kutolea maji yanaziba, na chuma kinakaa kwenye unyevu wiki nzima. Nje unaona kiputo cha rangi chenye upana wa sarafu. Ukipiga msasa, sarafu inakuwa sahani. Tunagonga kwa nyundo ndogo kuzunguka pale: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti bubu. Kisha tunakata kama sentimita 2 ndani ya chuma kizima. Kabla ya kukata kizingiti, tunafunga bomba la mraba la inchi moja kukingama uwazi wa mlango, bodi isije ikalegea na mlango ukakataa kufunga.

Hapa ndipo mteja anapoomba njia ya mkato: "Nipigieni kiraka juu, mpake puti, nauza gari mwakani." Kiraka kilicholazwa juu ya kutu kinaacha mwanya mwembamba kati ya mabati mawili, na mwanya mwembamba hunyonya maji na kuyashika. Joto la weldi limeshaunguza rangi upande wa ndani, kwa hiyo hakuna kinga tena. Puti nayo, ule ujazo unaopakwa kusawazisha bati kabla ya rangi, hupitisha unyevu. Ikizidi milimita 3 hupasuka gari likianza kupiga rasta za barabara ya vumbi. Gari likirudi, kona peke yake haitoshi: sasa ni ukuta wa ndani wa tairi na mguu wa nguzo ya mlango. Tumefungua kona zenye viraka vitatu, kimoja juu ya kingine, na puti nene kama kidole. Mwenye gari alikuwa amelipia kazi ile ile mara tatu kabla ya kutufikia sisi.

Baada ya kukata tunachora kigezo kwa karatasi ya manila, tukifuata kona ya upande wa pili kama bado nzima, ila kwa kuigeuza. Pale panapokunjwa nyuzi 90, bati la milimita 1.2 hupunguzwa milimita 2 hivi kwa kila mkunjo kabla ya kukata; ukisahau, kipande kinatoka kirefu na mstari wa bodi unahama. Halafu kuna ile mifereji ya kukazia iliyogandamizwa kiwandani. Mafundi wengi huiacha, kwa kuwa huchukua muda kuigonga juu ya kibao cha mti mgumu. Bati lisilo nayo ukilisukuma kwa kidole linabonyea na kurudi kwa mlio, "ko", na barabarani litapiga kelele hivyo hivyo mpaka rangi ipasuke.

Kuchomelea ndiko kunakokula saa. Kipande kinakaa kingo kwa kingo na bodi, mwanya usiozidi unene wa bati, waya wa kuchomelea wa milimita 0.6 au 0.8, betri ya gari imetenganishwa. Tunapiga nukta moja ya weldi hapa, nyingine mbali, tunaacha ipoe mpaka mkono uvumilie, ndipo tunarudi katikati. Mshono wa sentimita 60 wenye nukta kila sentimita 3 ni nukta 20 za kushikilia tu, kabla hujaanza kujaza nafasi. Fundi anayevuta weldi moja kwa moja anamaliza upesi, lakini bati linapata mawimbi, na mawimbi yanafichwa kwa puti. Mteja anaona kazi ya haraka, anaona sisi tumezubaa.

Mwisho ni praima ya epoksi, silanti kwenye maungio, rangi, na nta ya kupulizia ndani ya uvungu kwa mpira mrefu. Usimwage oili chafu humo. Inaharibu raba za milango. Matundu ya maji tunayaacha wazi, na ukiosha gari yachokonoe kwa waya.

Wenye Land Rover Defender za zamani, hesabu yenu ni nyingine. Ngozi ni aluminiamu, fremu ya mlango ni chuma, na zikigusana penye maji aluminiamu ndiyo inayoliwa, ikitoa unga mweupe ukingoni. Lazima kuwe na kitenganishi katikati, na ribiti za aluminiamu.

Bei ya awali tunayotaja ni makadirio, kwa sababu kabla ya kukata hakuna anayejua kutu imefika wapi. Tukishakata tunasimama, tunakutumia picha na bei kamili, na hatuendelei mpaka ukubali. Vipande vilivyotolewa tunavihifadhi mpaka uchukue gari, omba uvione.