Fedha za hewa ukaa zihesabu na wanyama

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo linalonikera kila ninaposoma habari za mabilioni yanayoahidiwa misitu kwa kuhifadhi hewa ukaa, gesi inayoongeza joto la dunia. Fedha hizo nazitaka, tena zije haraka. Msitu usioingiza kitu hauna mtetezi mbele ya mwenye msumeno, na wanaoishi kandokando ya misitu wameitunza hewa ya dunia nzima miaka nenda miaka rudi bila kuambulia chochote. Ninachokipinga ni kanuni ya malipo: bei inawekwa kwenye shina la mti, na kila kinachotembea au kuruka chini ya matawi yake hakimo hesabuni.

Tazama hesabu inavyofanyika. Mpimaji anauzungushia mti utepe katika kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini na kuandika unene wake. Kwa unene huo na aina ya mti unakadiriwa uzito wa mti mkavu. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni, na kaboni ikizidishwa mara 3.67 inapatikana hewa ukaa. Huko juu setilaiti inathibitisha kwamba kijani bado kipo. Ni kazi ya uangalifu na sina ugomvi nayo. Lakini mpimaji huyohuyo anaweza kuuruka mtego wa waya uliotegwa hatua mbili tu kutoka kwenye mti wake, waya ukiwa bado umeng'ang'ania manyoya ya paa, na fomu aliyopewa isiwe na mahali pa kuuandika.

Haya si mambo ya kufikirika. Kati ya mwaka 2004 na 2014, Hifadhi ya Taifa ya Minkébé, kaskazini mashariki mwa Gabon, ilipoteza takriban asilimia 80 ya tembo wake, karibu 25,000, waliouawa na majangili kwa ajili ya meno. Miti ilibaki imesimama. Mwaka 2021 Gabon ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kulipwa kwa kupunguza hewa ukaa itokanayo na misitu yake, dola milioni 17 kutoka Norway. Ilistahili, na hata leo hakuna nchi yenye tembo wa msituni wengi kuizidi. Ila malipo yalikokotolewa kwa tani za hewa ukaa. Mwaka huohuo wa 2021 tembo wa msituni aliingizwa katika orodha ya wanyama walio hatarini kabisa kutoweka.

Nitajibiwa kwamba fedha za kaboni ni za kaboni, na wanyama wana mifuko yao. Jibu hilo halijui msitu unavyoota. Miti yenye mbao nzito, ile inayohifadhi kaboni nyingi, mara nyingi huzaa mbegu kubwa zisizobebwa na upepo. Mbegu hizo humezwa na tembo, hondohondo, nyani na, katika misitu ya Amerika na Asia, mnyama aitwaye tapiri, kisha huangushwa mbali na mti mama, mahali zinapoweza kupata mwanga. Tembo wa msituni hufanya na zaidi: hula na kukanyaga miche ya miti laini inayokua upesi, na miti mizito ikapata nafasi ya kunenepa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba tembo hao wakiisha, misitu ya mvua ya Afrika ya Kati itapoteza asilimia 7 ya uzito wa miti yake. Hasara hiyo haionekani ndani ya mkataba wa miaka michache. Miti mikubwa iliyopo leo itaendelea kusimama na kulipiwa, huku chini yake warithi wake hawaoti.

Hata mbugani kazi ya wanyama inaonekana. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliowaua pia nyumbu, ilipodhibitiwa katika ng'ombe miaka ya 1960, nyumbu wa Serengeti waliongezeka kutoka kama laki tatu hadi kupita milioni moja. Walikula nyasi, moto ukakosa kuni, miti ikarudi. Hakuna aliyepanda mche.

Hata hivyo, nisiwadanganye wasomaji kwamba mnyama na kaboni huenda pamoja siku zote. Tembo wa nyika huangusha miti, na kundi kubwa linaweza kuugeuza msitu mkavu kuwa uwanda wa nyasi. Kwa anayelipwa kwa tani, tembo huyo ni hasara. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu bila mtu yeyote kutamka neno baya, mradi utaanza kumwona mnyama kama mharibifu, au utapanda mikaratusi kwenye mbuga ambayo haikuwahi kuwa msitu. Shoroba, yaani njia wanazopita wanyama kutoka hifadhi moja hadi nyingine, nazo ziko hatarini: vichaka vifupi, kaboni kidogo, hakuna mnunuzi. Katika maeneo ya namna hii lazima mlipaji akubali tani chache na alipie wanyama waziwazi.

Kanuni za kuanzia zipo. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi uliofanyika Cancún, Mexico, mwaka 2010 ulikubaliana kwamba MKUHUMI, mpango wa kupunguza hewa ukaa itokanayo na ukataji na uharibifu wa misitu, uendane na uhifadhi wa misitu ya asili na bioanuwai, na usitumike kubadilisha misitu hiyo. Lakini tani zinadaiwa kwa namba, na wanyama wanaombewa muhtasari wa maelezo. Kwa maelezo, kila mradi una wanyama wengi.

Ninachoomba kinatekelezeka. Wanyama wahesabiwe kabla mkataba haujasainiwa, kwa kamera zinazopiga picha zenyewe na vinasa sauti, na wahesabiwe tena kila tani zinapopimwa tena. Sehemu ya malipo, tena sehemu ya kuumiza, izuiliwe hadi ijulikane kwamba hawajapungua. Na gharama ya kuhesabu aibebe mnunuzi, asitwishwe mwanakijiji.

Huyo mwanakijiji ndiye ninayemhofia pale mapendekezo kama yangu yanapopokelewa vibaya. Ni rahisi kuligeuza neno "wanyama" kuwa askari wengi zaidi, na mzee aliyenasa ndezi kwa ajili ya chakula akatupwa rumande pamoja na jangili wa meno. Tembo akilala shambani usiku mmoja, mahindi ya mwaka mzima yamekwisha. Mradi ukivuna fedha kwa msitu anamotoka tembo huyo, kifuta jasho kitoke kwenye fedha hizohizo, kilipwe kabla msimu wa kupanda haujapita, na uzio wa mizinga ya nyuki wa kumzuia tembo ujengwe kwa fungu hilohilo. Walinzi waajiriwe kutoka vijiji hivyo, kwa mshahara unaoendelea hata bei ya kaboni inaposhuka sokoni, kwa maana majangili hawangoji bei ipande.

Msomaji wako