Kiwanja kwanza, SARL baadaye

Kwa Bwana Mhariri,

Siku hizi hapa Lubumbashi mwenye nyumba mbili za kupangisha anapewa shauri moja tu: fungua SARL upesi, yaani kampuni ambayo mshirika hapotezi zaidi ya alichochanga. Anayelitoa anawaza madeni, pengine na heshima ya muhuri. Kuhusu kiwanja haulizi. Na katika biashara ya nyumba, kiwanja ndicho kinachoamua kampuni iwe ya namna gani, au kama inahitajika kabisa.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo wote ni mali ya Dola. Raia hapewi udongo, anapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo ina sura mbili. Konsesio ya kudumu haina mwisho, ila hupewa binadamu tu, tena awe Mkongomani. Konsesio ya kawaida ina muda: kwa haki zinazotumika katika ujenzi, miaka 25 kwa mara moja. Sasa kampuni, hata kama washirika wake wote wamezaliwa Katuba na babu zao wamezikwa Kipushi, si binadamu. Siku unapoingiza kiwanja chako ndani yake, haki isiyo na mwisho inageuka haki ya miaka 25. Kuirudisha upya kunawezekana, mradi kiwanja kimeendelezwa na kutunzwa kama mkataba ulivyotaka. Lakini lazima awepo mtu wa kukumbuka tarehe, na baada ya miaka 25 mtu huyo huenda ni mjukuu asiyejua hata faili iko kabati gani.

Kwa hiyo, mwenye kiwanja chake cha kudumu na nyumba tatu za kupangisha, asiye na mshirika wala deni la benki, sioni anachokimbilia. Abaki na mali kwa jina lake. Kupangisha nyumba yako mwenyewe hakumo katika matendo ya biashara yanayotajwa na sheria ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Kununua nyumba ili uiuze tena ndiko kulikotajwa. Anayefanya hivyo kila mara ni mfanyabiashara, apende asipende, na huyo anapaswa kujiandikisha RCCM, yaani daftari la biashara.

Kampuni ina maana pale watu wawili au zaidi wanapochanga fedha, au mmoja anapojenga ili auze, au mgeni anapoingia na mtaji. Hapo ni afadhali kampuni inunue kiwanja yenyewe tangu mwanzo, hesabu ya miaka 25 ikijulikana na kuingizwa katika bei. Wako wanaotaka yote mawili: kiwanja kibaki kwa jina la baba, kampuni ya watoto ijenge juu yake. Hapa ndipo mambo huharibika zaidi. Kifungu cha 219 cha sheria ya ardhi kinasema umiliki wa jengo unathibitishwa na sertifika ya uandikishaji peke yake. Risiti za saruji hazitoshi, wala mkataba uliosainiwa sebuleni. Baba akifa, sertifika ina jina lake tu. Warithi wa kundi la kwanza, yaani watoto wote hata wasiokuwa katika kampuni, wanadai robo tatu ya mali, na kundi la pili, ambamo mmo mjane, wazazi na ndugu wa marehemu, linadai robo inayobaki. Kampuni iliyotoa pesa ya matofali na mabati itasimama kortini bila hati. Benki nayo haiwezi kuchukua rehani juu ya jengo ambalo kampuni haina sertifika yake. Anayetaka mpango huu ahakikishe haki ya kampuni imeandikwa kwa konservateri wa hati, ofisa anayetunza daftari la ardhi, kabla ya tofali la kwanza kuwekwa.

Tuje kwenye aina za kampuni. Tangu nchi yetu iingie OHADA, Septemba 2012, orodha ni ileile ya nchi zote za OHADA. SNC, kampuni ya ubia, niipite haraka: kila mshirika anabeba madeni yote kwa mali yake mwenyewe, na sheria inakataza mume na mke kuwa washirika pamoja ndani yake. SA, kampuni kubwa ya hisa, inadai mtaji wa FCFA (faranga za CFA, ambazo sheria ya OHADA inahesabia) milioni 10 angalau, kama euro 15,000, pamoja na mkaguzi wa hesabu tangu siku ya kwanza. Ni koti kubwa kwa mtoto mdogo. SAS, kampuni ya hisa iliyorahisishwa, inaacha washirika waandike karibu kila kitu wenyewe katika statuti, yaani katiba ya kampuni. Hiyo ni nzuri ukiwa na mwanasheria mzuri. Ukinakili statuti za jirani ni hatari. SCI, kampuni ya kiraia ya majumba wanayoisifu ndugu zetu walioko Ufaransa, ni ya sheria ya Ufaransa. Katika sheria ya OHADA ya makampuni ya biashara haimo. Inabaki SARL, inayoweza kuwa hata na mshirika mmoja, na ambayo hapa kwetu mtaji wake hupangwa na washirika katika statuti.

Makosa ya SARL za nyumba huanzia kwenye thamani ya kiwanja. Tuseme Mshirika wa kwanza analeta kiwanja Kampemba, anakiita dola 40,000. Wa pili analeta dola 15,000 taslimu na wa tatu 5,000. Wanagawa hisa 600 za dola 100: 400, 150 na 50. Mchango wa kitu ukizidi FCFA milioni 5, kama euro 7,600, ni lazima komisaa wa michango aukadirie. Wengi humruka ili kuokoa malipo yake. Matokeo yake: washirika wote, pamoja na yule wa hisa 50, wanabeba jukumu kwa miaka 5 mbele ya wadai endapo kiwanja kilipandishwa bei. Kisha kiwanja chenyewe kinasahauliwa. Statuti zinasema kimeingia, RCCM imetoka, lakini sertifika bado ina jina la mwenyewe kwa sababu hakuna aliyekwenda kubadilisha. Hapo kampuni ni boksi tupu.

Kosa la pili ni nusu kwa nusu. Maamuzi ya kawaida ya SARL yanahitaji zaidi ya nusu ya hisa, na kumwondoa jeranti, yaani meneja wa kampuni, vivyo hivyo. Kubadilisha statuti kunadai robo tatu. Washirika wawili wa 50 na 50 wakigombana, jeranti anabaki kitini na wapangaji wanaendelea kumlipa yeye. Afadhali 51 na 49, au 40, 40 na 20 kwa mtu wanayemwamini wote. Najua kwamba ndugu wawili wa tumbo moja hawapendi kusikia 51.

Kutoka pia si rahisi. Katika mfano wetu, mwenye hisa 150 akitaka kumuuzia mtu wa nje, zinabaki hisa 450. Sheria inadai wengi wa washirika wanaobaki, nao wawe na robo tatu ya hisa hizo, yaani 338. Mwenye 400 anazo hisa, lakini kati ya watu wawili yeye peke yake si wengi. Kwa hiyo mwenye hisa 50 ana kauli ya kuzuia. Kampuni ikinyamaza miezi 3 baada ya kuarifiwa, kimya hicho kinahesabiwa kuwa idhini. Statuti zinaweza kuweka utaratibu mwingine, basi usomeni ukurasa huo kabla ya kusaini.

Kosa la tatu linatokea kila mwisho wa mwezi: kodi ya nyumba inaingia mfukoni mwa jeranti. Sheria inakataza jeranti au mshirika aliye binadamu kukopa kwa kampuni yake mwenyewe, na mkopo huo ni batili. Anayechota ovyo anaweza kushtakiwa kwa kutumia vibaya mali ya kampuni. Njia halali hasa ni mbili, mshahara wa jeranti uliopitishwa na washirika, au gawio baada ya hesabu za mwaka kupitishwa, katika miezi 6 tangu mwaka kufungwa. Faida inatozwa ushuru kwanza, na gawio lina ushuru wake juu yake. Mtu aliyezoea kupokea kodi ya wapangaji na kwenda nayo sokoni ajiulize kama maisha hayo atayaweza.

Na ule ulinzi dhidi ya madeni? Upo, lakini una tundu. Benki ikikopesha SARL changa mara nyingi humtaka jeranti aweke sahihi ya udhamini wake binafsi, na sahihi hiyo inapita juu ya kampuni hadi kwenye nyumba anayolala. Waliofunga ndoa waangalie pia ni mfumo gani wa mali waliouchagua mbele ya ofisa wa serikali, kwa maana hisa zilizonunuliwa wakati wa ndoa zinaweza kuwa za wawili.

Anayeshika njia ya kampuni aanze kwa konservateri: aombe ithibitishwe kwamba sertifika ni ya muuzaji, haina rehani wala pingamizi, na mipaka ni ile iliyoko uwanjani. Kisha statuti, komisaa wa michango kama kuna mchango wa kitu, Guichet unique (ofisi moja ya kuandikisha makampuni) kwa RCCM, namba ya utambulisho wa kitaifa na namba ya ushuru, na mwisho kurudi kwa konservateri sertifika itoke kwa jina la kampuni. Safari hiyo ya pili ndiyo watu huiacha.

Msomaji wenu, mtu wa hesabu za makampuni,
Lubumbashi