Wanaokwenda Japani wafundishwe na maneno ya vitufe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na walimu wa Kijapani, na wazazi wanaopeleka watoto kusoma Japani, na wale wanaotuuzia mitumba ya umeme itokayo huko. Wote watatu nina neno moja nao.

Binti wa kaka yangu amepata nafasi ya masomo na anaondoka mwezi wa tisa. Juzi alikuja kunitembelea hapa Chumbageni na daftari lake la Kijapani mkononi. Ukurasa mmoja umechorwa vyombo vya nyumbani, kila picha na jina lake chini: friji, feni, pasi, mashine ya kufulia, mashine ya kuvuta vumbi. Alinisomea yote bila kukosea, na sauti yake nzuri. Nikamuuliza, "Na kwenye hiyo mashine ya kufulia, mwanangu, kitufe cha kukamua kimeandikwaje?" Akanyamaza kidogo. "Shangazi, hicho hatujafundishwa."

Neno hilo limenikaa. Friji hakuna atakayekuuliza jina lake. Ukiiona unajua ni friji. Kinachomngoja yule binti siku ya kwanza usiku, peke yake chumbani, ni vitufe. Na kitabu chake hakina hata kimoja.

Nasema haya kwa sababu yalinikuta. Nilimfuata mume wangu Fukuoka, kisiwa cha Kyushu, Oktoba 2015. Yeye alikuwa mwanafunzi, mimi nilikuwa na mtoto wa miezi minane mgongoni. Nilikuwa nimejifunza salamu zote, asubuhi, mchana na jioni, na jinsi ya kuinama. Yalinifaa sana nje. Ndani ya nyumba hayakunisaidia kitu.

Januari 2016 ilikuja baridi ambayo wenyeji wenyewe waliishangaa. Theluji ilianguka Fukuoka, na sehemu nyingi za Kyushu mabomba ya maji yaliganda yakapasuka. Mume wangu alikuwa maabara. Nikachukua rimoti ya kiyoyozi, ya zamani, ya kijivu, vitufe vyote rangi moja. Niliona maneno mawili yanayofanana, herufi ya pili ni ileile kwa yote mawili. Nikabonyeza moja. Mashine ikaanza kuvuma, nikamfunika mtoto nikakaa chini ya upepo wake kungoja joto. Nilingoja sana. Mikono ya mtoto ilipoanza kuwa baridi kama chuma nikatoka mbio kwa bibi jirani, mlango wa pili, nikiwa na rimoti mkononi na machozi machoni.

Yule bibi hakuwa na Kiingereza, wala mimi sikuwa na Kijapani cha kueleza. Aliitazama rimoti, akamchukua mtoto, akabonyeza kile kitufe kingine. "Danboo," akasema, akijikumbatia kama mtu anayeota moto. Kisha akaonyesha nilichobonyeza mimi: "Reiboo," akatetemeka mabega. Moja ya kupasha chumba, nyingine ya kukipoza. (Naandika maneno haya yanavyotamkwa, na irabu ndefu naziandika mara mbili kama sisi tunavyoandika saa na choo.)

Siku iliyofuata alikuja na karatasi ndogo za kubandika na kalamu. Tangu siku hiyo mwalimu wangu alikuwa yeye, na darasa letu lilikuwa jikoni kwangu.

Alianza na ile rei ya reiboo. Akanipeleka kwenye friji, akafungua mlango, akanionyesha herufi hiyohiyo kwenye kile kitufe cha kuzungusha cha ndani. Reizooko ni friji, reitoo ni kugandisha, na zote zinaanza na baridi ileile ya rimoti. Pembeni yake kushoto ina vitone viwili. Vitone viwili, akaniambia kwa mikono, ni barafu. Vikiwa vitatu ni maji. Akanivuta hadi kwenye mashine ya kufulia: vitone vitatu kwenye neno la kuosha, vitatu tena kwenye neno la maji ya moto ukutani bafuni. Kwenye danboo, pembeni pana jua. Kwenye neno la kupika wali pana moto. Mhariri, mimi niliyekuwa nikiziona herufi zile kama nyayo za kuku, nilianza siku hiyo kuona maji, moto, barafu na jua kila nilipogeuka.

Na hapo ndipo nasema Mswahili ana bahati ambayo walimu hawaitumii. Irabu zao ni hizihizi zetu tano, na maneno mengi yanaishia na irabu kama yetu. Swichi kwao ni suitchi. Gesi ni gasu. Chombo sisi tunakijua kwa ki- ya mbele: kisu, kijiko, kiyoyozi. Wao ki yao iko mwisho. Sentaku ni kufua, sentakuki ni mashine ya kufulia. Sooji ni usafi, soojiki ni ya kuvuta vumbi. Senpuuki ni feni, na ukiichambua ni upepeo na upepo. Suihanki ni sufuria ya umeme ya kupikia wali. Mtoto wa Tanga akiambiwa hivyo mara moja hasahau. Na hata umeme: sisi umeme wa waya na umeme wa radi tunauita kwa neno moja. Herufi yao ya umeme, den, juu yake ina mvua, maana asili yake ni ule umeme wa mawinguni. Utaiona kwenye denki, ambayo ni umeme na pia taa, na kwenye denshi renji, ambayo ni maikrowevu. Kitufe cha kuzima mara nyingi kimeandikwa kiri, yaani kukata, na ndani ya herufi yake pana kisu. Nasi si tunasema umeme umekatika?

Lakini neno nilipendalo kuliko yote liko kwenye mashine ya kufulia. Arai ni kuosha. Dassui ni kukamua, neno lenyewe likiwa kutoa maji. Kansoo ni kukausha. Na katikati, kati ya kuosha na kukamua, kuna susugi. Unajua ni nini? Ni kusuuza. Susugi, suuza. Sina maana kwamba lugha hizi ni ndugu, ni sadfa tu ya sauti, lakini nilipolielewa nilicheka peke yangu mbele ya mashine, na yule bibi akacheka kwa kuniona ninavyocheka. Nilimwambia "suuza, suuza" mara nyingi mpaka naye akalijua. Yeye alikuwa akivuta maji ya jana ya kuogea kwa mpira mdogo, akayatumia kuoshea nguo, kisha susugi akaifanya kwa maji safi ya bomba. Wengi kule hufanya hivyo, maji yasipotee bure. Mama yangu kwa Mzambarauni angempenda sana mwanamke yule.

Suihanki nayo ina mambo yake. Kikombe kinachokuja nayo ni cha mililita 180, kipimo chao cha mchele cha tangu zamani, si kikombe chetu cha chai. Ukikosea hapo mistari ya maji ndani ya sufuria itakudanganya. Mchele wao ni mfupi na unashikana, kwa hiyo wali wa nazi ulinichukua wiki kadhaa kuupatia. Kitufe cha suihan ni kupika, ho-on ni kuuweka wali wa moto, torikeshi ni kufuta ulichobonyeza (hilo likariri kabla ya mengine yote), hayadaki ni kupika haraka. Na okayu ni uji wa mchele. Nilipokijua kitufe cha okayu mwanangu alipata uji kila asubuhi bila mimi kusimama jikoni kukoroga, na kwa mama mwenye mtoto mdogo katika nchi ya baridi hiyo si faida ndogo. Toshiba ndio waliotoa sufuria ya aina hii ya kwanza inayojizima yenyewe, mwaka 1955. Yule bibi alinionyesha kwa vidole jinsi mama yake alivyokuwa akiamka alfajiri kuwasha kuni za wali. Tulielewana pale kuliko popote.

Bafuni mashine ilikuwa na sauti ya mwanamke. Maji yakishapata moto inasema "Ofuro ga wakimashita", maji ya kuogea tayari. Mwanangu maneno yale aliyasema kabla hajasema baba.

Hayo ya Fukuoka. Tulirudi Tanga 2019, nikadhani Kijapani changu cha jikoni kimekwisha kazi. Kumbe ndiyo kwanza kinaanza. Mitumba ya Japani imejaa: friji, mashine za kufulia, feni, sufuria za wali. Majirani huja kunigongea, "Mama, njoo utusomee." Nimebandika plasta na selotepu kwenye mashine za mtaa mzima: OSHA, SUUZA, KAMUA, KAUSHA. Kuna nyumba moja walikuwa wakifulia kila siku kwa kitufe cha moofu, yaani blanketi, mashine ikijaza maji hadi juu kwa ajili ya shati mbili za shule, na mama wa watu akilalamika bili.

Lipo na la kuumiza zaidi. Jirani yangu alinunua suihanki nzuri, ya kung'aa, kwa muuzaji ambaye simtaji. Akaichomeka ukutani moja kwa moja. Haikumaliza hata kupika mara moja. Ilitoa moshi na hela zake zikaenda na moshi huo. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Muuzaji anajua, maana yeye dukani kwake huijaribu kwa transfoma ya kupunguzia umeme, nimeiona chini ya meza. Kwa nini hamwambii mnunuzi? Kibandiko cha nyuma kimeandika 100V kwa tarakimu hizihizi tunazosoma sote. Huhitaji Kijapani hata kidogo, unahitaji kugeuza chombo na kumwonyesha mtu.

Na maikrowevu za zamani ziangaliwe zaidi. Japani ina umeme wa namna mbili, mashariki upande wa Tokyo hezi 50 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), magharibi upande wa Osaka na Fukuoka hezi 60, kwa sababu miaka ya 1890 Tokyo walinunua mitambo ya Ujerumani na Osaka wakanunua ya Marekani. Hadi leo haijaunganishwa kuwa mmoja. Sisi tuko hezi 50. Maikrowevu iliyoandikwa 60 peke yake usiinunue, hata ukiwa na transfoma, maana transfoma inashusha volti tu na hezi haizigusi.

Kwa walimu, ombi langu ni dogo. Mnapofundisha vyombo vya nyumbani leteni chombo chenyewe darasani. Mitumba mnayo, hata mbovu inatosha, madhali vitufe havijafutika. Mwanafunzi aguse herufi huku akilitamka neno. Binti wa kaka yangu sasa anakuja kwangu kila Jumamosi. Mashine yangu ya kufulia iko uani. Tumeng'oa plasta zote za Kiswahili, anafua nguo za nyumba nzima, nami nimekaa kwenye kigoda simwambii kitu mpaka aniulize. Wiki ya kwanza aliuliza mara nane. Jumamosi iliyopita mara mbili. Rimoti ya kiyoyozi sina, kwa hiyo nimemchorea kwenye boksi, na danboo nimeikoleza kwa wino mwekundu.

Mhariri, katika bahasha hii nimeweka karatasi nne nilizoandika kwa mkono, herufi, matamshi na maana, kuanzia mashine ya kufulia hadi bafu. Kama utapata pembe ya kuzichapisha kabla ya mwezi wa tisa, wengine wanaoondoka msimu huu wazikate waende nazo.

Mama Salim,
Chumbageni, Tanga