Vikope havitokani na vumbi

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka nenda rudi na sijawahi kukuandikia hata mstari. Lakini ile habari ya wiki iliyopita, kwamba vikope huletwa na vumbi na moshi wa kuni na kinga yake ni kusubiri vidonge, imenishinda kuinyamazia.

Vikope, au trakoma, ni maambukizi ya bakteria. Vumbi huwasha jicho, haliambukizi. Bakteria hao hutoka kwenye tongotongo na kamasi za mtoto mmoja hadi kwa mwingine kupitia vidole, khanga moja inayofuta nyuso tatu, na nzi. Mtoto akiambukizwa tena na tena, upande wa ndani wa kigubiko cha juu cha jicho hupata makovu, hujikunja, na kope zikaanza kukwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Upofu huja ukubwani, na wanawake huupata zaidi kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto.

Mwezi huu huu bibi mmoja alifika kliniki na ukurasa wenu umekunjwa kwenye pindo la khanga, anaomba miwani ya kuzuia vumbi. Kope zilikuwa zimeingia ndani macho yote mawili, na nyingine amezing'oa kwa kibanio, zikaota upya fupi na ngumu, zinachoma kuliko za mwanzo. Huyo anahitaji upasuaji mdogo wa ganzi wa kukigeuza kigubiko kitazame nje. Miwani ingemchelewesha tu.

Na utafiti hamkuhitaji kuufuata ng'ambo. Ulifanyika Kongwa, Dodoma, matokeo yakatoka katika jarida la Lancet mwaka 1995: vijiji vyote vilipewa mafuta ya macho ya tetrasaiklini, baadhi vikaongezewa kampeni ya kunawisha watoto uso, na huko vikope vikali vikapungua zaidi. Mwandishi wenu anasema wananchi watanawa vipi na maji hakuna. Uso wa mtoto hauhitaji ndoo! Chukua dumu la lita 5, litoboe kwa msumari wa moto karibu na shingo, lining'inize kwenye mti uliolazwa juu ya panda mbili, funga kamba toka shingoni hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Hicho ndicho kibuyu chirizi. Tundu likizidi unene wa msumari maji yanamwagika bure. Kamba ikiwa fupi dumu linabaki limeinama na kuvuja mchana kutwa. Sabuni isipofunikwa kwa kopo mvua inaimaliza, au kunguru. Na choo, ambacho habari yenu haikukigusa kabisa: nzi wanaopenda macho huzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi ardhini, si ndani ya choo cha shimo. Utafiti wa Gambia wa mwaka 2004 ulionyesha vyoo pekee vilipunguza nzi hao machoni mwa watoto kwa asilimia 30. Vidonge vya azithromaisini ni vizuri, vinaua bakteria waliopo, lakini mtoto akirudi kwenye khanga ileile ataambukizwa tena.

Na maduka ya dawa, maana mwandishi wenu aliwasifu kwa "huduma ya haraka". Kila jicho jekundu wanalipatia matone ya deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, bila cheti. Wekundu unaisha, mteja anafurahi, anarudia miezi na miezi. Matone hayo hupandisha presha ya jicho, huleta mtoto wa jicho, na kidonda cha fangasi hukigeuza kuwa janga. Mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa kwa presha haurudi.

Naomba basi nusu ukurasa mnaowapa watu wa kubeti kila Jumamosi, mara moja tu, mchore kibuyu chirizi na vipimo vyake. Mwandishi wenu naye apewe lenzi ya kukuza mara 2.5, ageuze vigubiko vya watoto darasa la kwanza, ahesabu vipele vyenye nusu milimita au zaidi. Akikuta vitano kwenye jicho moja, hivyo ndivyo vikope; aniambie tena ni vumbi.

Mhudumu wa macho,
Dodoma