Ulikula saa ngapi?

Tanga, 9 Machi

Shoga yangu Zuhura,

Sauti yako niliyotumiwa jana nimeisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama kwenye korido ya wodi, mara ya pili nikakaa chini, maana nilisikia unalia. Nimeona bora nikuandikie. Kwenye simu ningekukatiza kila neno, wewe unanijua.

Umesema ulitoka kazini bekari saa 12 asubuhi, ukapita duka la dawa, wakakutoboa kidole, kipimo kikasoma 6.4 mmol/L, ukaambiwa sukari yako ya njaa iko mpakani. Na wewe hapohapo umeshajihukumu kwa wali wa nazi na sukari ya kwenye chai. Sasa nikuulize ambalo yule kijana wa duka la dawa hakukuuliza: mara ya mwisho kutia kitu mdomoni ilikuwa saa ngapi? Uliwahi kuniambia mkate wa kwanza unatoka kwenye tanuri saa 9 usiku, na mnaula wa moto, na siagi, na chai ya maziwa kwenye kikombe kile cha bati. Kipimo cha njaa kinataka masaa 8 bila chochote ila maji. Mtu anayelala usiku masaa hayo yanampitia akikoroma. Wewe ulikuwa na masaa 3. Ile 6.4 si sukari ya njaa, Zuhura. Ingekuwa ya njaa kweli ningekubali uko mpakani, kwa sababu mpaka wenyewe unaanzia 6.1, na ikifika 7.0 tunazungumza kisukari. Lakini masaa 3 baada ya mkate na chai, 6.4 wala haishangazi.

Usipige vigelegele bado. Rudia kipimo siku ya mapumziko, ukiwa umelala nyumbani usiku kama watu wengine na hujala tangu jioni. Au uombe HbA1c hospitalini, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu wa miezi 2 hadi 3. Hicho hakijali umekula saa ngapi.

Nakuhimiza hivyo kwa sababu kazi ya usiku yenyewe ina lake na sukari, hata ungekuwa unakula mchicha mtupu. Nyuma ya macho, pale mishipa ya macho inapopishana kuingia kwenye ubongo, kuna kifungu kidogo cha chembe hai (seli) kama 20,000. Hiyo ndiyo saa ya mwili. Kila asubuhi inarekebishwa na mwanga. Ndiyo maana mimi husema wazee wetu waliiweka saa ya Kiswahili panapostahili: jua likichomoza, hesabu inaanza. Lakini ini nalo lina saa yake, na kongosho, na mafuta ya mwilini, na hizo zinasikiliza zaidi chakula. Ukila saa 9 usiku, kichwa kinasema ni usiku wa manane, ini linaambiwa kumekucha. Kongosho limekamatwa katikati: gizani mwili unatoa melatonini, na melatonini hiyo hiyo inayoleta usingizi hupunguza kasi ya kongosho kutoa insulini, homoni inayoingiza sukari ya damu kwenye chembe za mwili. Mkate unaingia wakati mlinzi wa mlango amesinzia.

Mimi nilijipima, si unajua udadisi wangu. Mwaka jana nikiwa zamu ya usiku nilikula chipsi mayai ya yule kaka wa getini, mayai 2, saa 8 usiku. Baada ya masaa 2 mashine ikasoma 9.2. Wiki iliyofuata nikiwa nyumbani nikamfuata yule yule, sahani ile ile, saa 7 mchana. Baada ya masaa 2: 6.9. Najua, kidole cha mtu mmoja si utafiti, na pengine usiku ule alinipakulia zaidi kwa kunihurumia. Ila utafiti wenyewe upo. Boston, Marekani, mwaka 2009, kundi la mtafiti Frank Scheer liliwafungia watu 10 wazima kwenye vyumba visivyo na jua, wakawapa siku ya masaa 28 badala ya 24, mpaka wakawa wanakula na kulala kinyume kabisa na saa ya mwili. Sukari ikapanda kwa asilimia 6 ingawa insulini nayo ilikuwa imepanda kwa asilimia 22, yaani mwili unapiga kelele na hausikilizwi. Watatu kati ya wanane waliopimika, sukari yao baada ya kula ilifika kiwango cha mtu anayeelekea kwenye kisukari. Kwa siku chache tu!

Ila kilichonifanya nishike kalamu ni kingine. Mwaka 2021 watu wa kundi hilo hilo waliwachukua watu 19, wakawafanyisha zamu za usiku za kuigiza. Nusu wakala usiku na mchana kama ufanyavyo wewe. Nusu wakafanya zamu ile ile lakini wakala mchana tu. Waliokula usiku, sukari ilipanda kwa asilimia 6.4. (Namba yako hiyo hiyo, nilicheka peke yangu, ingawa hazihusiani kabisa.) Wa mchana haikupanda. Kukesha ni kule kule, kilichobadilika ni saa ya kula.

Kwa hiyo kazi usiache, ada za watoto sitalipa mimi. Hamisha chakula. Ukirudi saa 1 asubuhi kula kitu, usile cha kukujaza, halafu ulale. Ukiamka mchana kula chakula chako cha maana. Saa 11 jioni kabla ya kupanda daladala kula tena, na hapo ndipo wali wako wa nazi uingie. Usiku kunywa maji, au chai ya rangi isiyo na sukari. Ukizidiwa kabisa, karanga za kiganja kimoja. Harufu ya mkate itakutesa, sikudanganyi. Mkate wako wa saa 9 ufunge kwenye mfuko, uupeleke nyumbani, utaula asubuhi. Hata ukipoa ni mkate.

La pili ni usingizi, na hapa nitakugombeza. Umesema unalala saa 3 asubuhi na watoto wanakuamsha saa 7. Masaa 4. Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1999, vijana 11 wa kiume wenye afya walilazwa masaa 4 kwa usiku 6 mfululizo, na miili yao ikawa inachelewa kuondoa sukari kwenye damu kuliko walipoachiwa baadaye walale mpaka watosheke. Mwaka 2004 timu hiyo ikaonyesha kwamba hata usiku 2 wa masaa 4 unashusha homoni ya shibe kwa asilimia 18 na kupandisha ya njaa kwa asilimia 28, na kinachotamaniwa zaidi ni vitamu na vya wanga. Kwa hiyo ile hamu ya maandazi inayokujia saa 10 jioni, usiite uroho.

Najua nyumba yako, bati lile likishashika jua saa 5 chumba kinakuwa tanuri la pili. Hamia chumba cha nyuma, upande wa mwembe. Dirishani weka vitenge vizito viwili, kanga inapitisha mwanga. Ukitoka kazini vaa miwani ya jua kwenye daladala, wakucheke, ili lile jua la asubuhi lisikurudishie saa yako mwanzo. Simu mpe Salma. Mama mkwe mwambie mimi, muuguzi, nimeagiza usiamshwe kabla ya saa 9 alasiri. Akinuna, mpe namba yangu.

Na ukianza kusikia kiu isiyokatika au kukojoa mara kwa mara, hilo usisubiri siku ya mapumziko, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wiki ijayo niko zamu ya mchana. Ukishapima nipigie baada ya saa 10, na cha kwanza kuniambia kisiwe namba, kiwe ulikula saa ngapi. Nazi zako 6 nimempa dereva wa basi la Ijumaa, mfuko wa buluu.

Wako,
Mwanaidi